Unaenda kumwona mzazi hospitali? Soma hii kabla hujatoka nyumbani

Siku ya pili baada ya kujifungua nilikuwa nimelala chali, mshono bado mbichi, mtoto ndo kwanza ameanza kushika ziwa vizuri baada ya kuhangaika naye usiku kucha, mara mlango wa wodi ukafunguka wakaingia watu saba. Saba! Wote nawapenda, wote wamekuja kwa nia njema, na nikajua hapohapo kwamba nusu saa ijayo mtoto atazungushwa kwenye mikono yote ile na mimi nitakuwa natabasamu tu huku shuka limelowa damu chini yangu na siwezi kuinuka kwenda kujisafisha mbele za watu. Nesi wa zamu akatokea nyuma yao, hata sauti hakupandisha, akasema "Jamani wawili wawili, wengine subirini nje, na mkono usionawa haumshiki mtoto." Wifi yangu alinuna. Mimi nikajifanya nasikitika ila moyoni nilitamani kumkumbatia yule nesi, maana yale maneno mimi nisingeyatoa mdomoni hata kwa dawa.

Ndo maana nikisikia mtu analalamika eti hospitali fulani wana roho mbaya, wamemzuia kumwona mtoto, huwa nacheka kidogo. Nusu ya sheria zile ni za kumkinga mtoto na magonjwa, nusu nyingine zinasema kile ambacho mama mwenyewe anaona aibu kusema. Nimezaa mara mbili, wa pili alikuja njiti tukakaa hospitali wiki kadhaa, kwa hiyo haya nayaandika kama mtu aliyekaa pande zote mbili, kitandani na mlangoni.

Hatua ya 1: Uliza, halafu uliza tena

Kwanza waulize wazazi kama wanataka wageni. Usiseme "nakuja saa kumi", sema "mkiwa tayari kupokea watu niambieni, hata kama ni wiki ijayo au mkisharudi nyumbani". Hapo umempa mtu nafasi ya kukataa bila kukataa. Na usimuulize mama mwenyewe kama kuna mtu mwingine wa kumuuliza, mama hana hata muda wa kushika simu.

Pia hakikisha unajua hali ikoje kabla hujabeba zawadi na hongera zako. Mama mwingine mtoto wake yuko chumba cha uangalizi maalumu na hajamshika bado, na mwingine, Mungu anisamehe kwa kulitaja, hana mtoto tena. Ukiingia na "haya mtoto yuko wapi tumwone" umeshaharibu. Ukisikia habari kama hiyo, uliza kama anataka mtu wa kukaa naye, ukiruhusiwa nenda peke yako, mwambie pole, kaa kimya. Usimwambie atapata mwingine.

Baada ya hapo ndo unauliza wodi yenyewe, au mtu aliyeko kule akuulizie. Muda wa kuona wagonjwa ni saa ngapi, wanaingia wangapi kwa pamoja, watoto wanaruhusiwa, vitu gani haviingii. Usijibebee majibu ya mwaka juzi ulipoenda kumwona mtu mwingine, kwa sababu hata ndani ya hospital moja sheria za leba siyo za wodi ya wazazi, na za wodi ya wazazi siyo za wodi ya watoto wachanga. Tena hubadilika, kukiingia msimu wa mafua au kukitokea mlipuko wa ugonjwa fulani wanaweza kufunga wageni kabisa jana ikiwa ruksa leo marufuku.

Hatua ya 2: Leba siyo sehemu ya kutembelea

Hapa ni kifupi. Leba anaingia msindikizaji, yaani mtu mmoja (sehemu nyingine wawili) aliyechaguliwa na mama mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu anayemtaka pembeni yake wakati wa uchungu na kujifungua, kwa hiyo kama hamjaambiwa chochote ulizeni mapema kliniki, msisubiri siku yenyewe. Anayemchagua ni mama. Siyo mama mkwe, siyo ukoo uliokaa kikao.

Kama wewe ndo msindikizaji ujue umeenda kazini, unasugua mgongo, unampa maji kama karuhusiwa kunywa, unamkumbusha kupumua, unamuita nesi. Ikibidi upasuaji, sehemu nyingine watakuvalisha gauni na kofia ukae upande wa kichwa, sehemu nyingine utabaki nje, usibishane mlangoni wakati wenzako wanakimbizana na dakika. Na kupiga video usianze mpaka uruhusiwe na mama na wahudumu. Wengine wote wenye hamu, subirini simu.

Hatua ya 3: Jikague mwenyewe kabla hujaondoka

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na ndo kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mtoto mchanga kinga yake bado haijakomaa, na chanjo nyingi hajaanza. Ya kifaduro kwa mfano inaanza wiki ya 6 au mwezi wa 2 kutegemea na nchi, ya surua miezi 9 au 12. Hapo katikati anategemea kinga kidogo aliyopewa na mama yake, na sisi kutomletea. Kikohozi ambacho wewe unakiita "kakohozi tu ka vumbi" mtoto wa wiki mbili kinaweza kumlaza kwenye oksijeni, tena kifaduro kwa mtoto mdogo wakati mwingine hakiji na kukohoa, unakuta tu mtoto anasimama kupumua.

Usiende kama:

una mafua, kikohozi, koo linauma, au una homa, hata kama umekunywa dawa sasa hivi unajisikia fresh, dawa imeshusha homa haijaua virusi

umeharisha au umetapika, subiri mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho

una upele usioujua, macho mekundu yanatoa usaha, au kidonda chenye usaha mkononi

nyumbani kwenu kuna mwenye surua au tetekuwanga na wewe hujawahi kuugua wala hujachanjwa. Tetekuwanga inaweza kukaa mwilini mpaka siku 21 kabla haijajionyesha, na mtu anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, kwa hiyo hilo la "mbona mimi mzima" halisaidii

na hii sasa nataka uisome mara mbili: una vile vidonda vya homa mdomoni, vimalengelenge vinavyotoka pembeni ya mdomo vinawasha vinapasuka vinatoa maji. Kwa mtu mzima ni kero ya wiki moja. Kwa mtoto mchanga kirusi hichohicho kinaweza kuingia kwenye ubongo na ini na kinaua. Busu moja linatosha. Mtoto wangu wa kwanza nilimwona mtu mzima wa heshima kabisa anainama kumbusu, na mimi nimeona kile kidonda kona ya mdomo, kimeshakauka ganda juu. Ulimi ukawa mzito. Kilichonisaidia ni karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda, nikamwonyesha kwa kidole nikasema "shangazi eti wametukataza kubusu, watanigombeza mimi". Akacheka akarudi nyuma, na wala hakuchukia. Karatasi imebeba lawama, mimi nimebaki mtoto mzuri.

Kwa hiyo mabusu hapana, hata bila kidonda, si mdomoni si mikononi maana mikono yenyewe mtoto anaitia mdomoni muda wote. Mama mwenyewe akitoka hicho kidonda anaendelea kunyonyesha, ila avae barakoa, anawe mikono kila mara na asimbusu mpaka kipone kabisa, na kama kidonda kiko kwenye ziwa, ziwa lile asimpe kwanza, amwone nesi.

Watakaokaa na mtoto karibu kila siku, bibi, babu, dada wa kazi, waulize kwenye kituo cha afya habari za chanjo ya kifaduro na ya mafua kwa watu wazima kama zinapatikana. Zichomwe angalau wiki mbili kabla ya kumshika mtoto, mwili unahitaji muda kutengeneza kinga.

Mvutaji sigara naye ajue moshi haubaki nje, unakaa kwenye nguo na nywele. Badili nguo, nawa. Pafyumu kali nayo iache nyumbani, mtoto anamtambua mama yake kwa harufu na wewe unakuja kuizima.

Hatua ya 4: Mikono, na ninaposema mikono nina maana mpaka kwenye viwiko

Vua saa, pete na bangili, kunja mikono ya nguo. Maji na sabuni sekunde 40 mpaka 60 kazi nzima, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kidole gumba peke yake (hiki kila mtu anakisahau), chini ya kucha, suuza, kausha. Ukitumia sanitaiza, sekunde 20 mpaka 30 mpaka ikauke yenyewe, usifute kwenye suruali. Kama mikono inaonekana michafu, au kuna ugonjwa wa kuharisha, sanitaiza haitoshi, ni sabuni.

Mnaoona haya ni mambo ya kujidai ya siku hizi, mwaka 1847 daktari mmoja wa hospitali ya Vienna, Ignaz Semmelweis, aliwalazimisha madaktari na wanafunzi wanaotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla hawajamgusa mzazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Wenzake wengi walimkasirikia. Kuwaambia watu wazima kwamba mikono yao ndo michafu hakujawahi kuwa rahisi.

Sasa umenawa vizuri, umekausha, halafu simu inaita unaichomoa mfukoni unapokea. Umerudi sifuri. Simu izime au ifute, na ukiigusa nawa tena. Nimewaona watu wananawa kama madaktari wa upasuaji halafu wanashika simu palepale mlangoni.

Hatua ya 5: Umeingia wodini, sasa tulia

Dakika 15 mpaka 20 zinatosha. Kama mama anakuambia "kaa kidogo" mara ya kwanza ni adabu, mara ya tatu ndo anamaanisha.

Usikae kitandani. Kile kitanda ndo meza yake, choo chake cha dharura na sehemu ya kumlaza mtoto, wewe umetoka kukaa kwenye kiti cha basi. Kiti hakuna? Simama, ni dakika 15 tu. Mfuko usiuweke kitandani wala kwenye kitanda cha mtoto.

Mtoto usimchukue, subiri kupewa. Akiwa amelala mwache alale, akiwa ananyonya geuka au toka nje, hasa siku za mwanzo mama na mtoto wote wanajifunza na maziwa hayatoki vizuri mtu akiwa na aibu. Ukipewa, kaa chini ndo umpokee, mkono mmoja chini ya shingo na kichwa. Akianza kulia mrudishe kwa mama yake, hizo mbinu zako za kubembeleza hatujaziomba.

Wakija madaktari kwa raundi au nesi kumkagua mama, toka bila kuambiwa. Pale wanaangalia damu, mshono, maziwa, mkojo, na kuna maswali mama hatayajibu kweli wewe ukiwepo. Anaweza akasema "niko vizuri" mbele yako kumbe kichwa kinapasuka na macho yanaona vimulimuli, na hizo ni dalili za presha ya uzazi ambazo nesi alitakiwa azisikie.

Picha: uliza kwanza, flash zima, na mitandaoni usirushe wewe kabla ya wenye mtoto. Angalia na nyuma ya picha yako kuna nani, kitanda cha pili kuna mama wa watu kavaa nguo ya kulalia.

Chakula, maua, maputo, uliza ndo ubebe. Maua wodi nyingi hawayataki, maputo ya mpira yanakatazwa sehemu nyingi kwa ajili ya wenye aleji ya mpira, na chakula inategemea, mama aliyetoka kwenye operesheni anaweza kuwa hajaruhusiwa kula. Usimpe mtoto kitu chochote mdomoni, hata tone la maji.

Hatua ya 6: Mtoto akiwa kwenye inkubeta

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Wodi yao ina sheria kali kuliko zote, sehemu nyingi wanaingia wazazi tu, mgeni mwingine akiruhusiwa anaingia na mzazi siyo peke yake.

Siku ya kwanza kumwona wangu nilisimama pale nimeganda. Mkono wake mzima ulikuwa unaweza kupita kwenye pete yangu, na mashine zinalia ti-ti-ti kila kona. Nikagonga kile kioo kwa kucha, taratibu, kama mtu anabisha hodi, na mwili wake wote ukashtuka, mikono ikaruka juu. Nesi akaniambia ndani mle hodi yangu inasikika kama ngoma. Toka siku hiyo ndo nikaelewa kwa nini wanakataza kuweka hata chupa juu ya inkubeta na kwa nini vile vidirisha wanavifunga kama wanafunga yai.

Kwa hiyo ukiruhusiwa kuingia ongea kwa sauti ya chini. Usifungue kidirisha mwenyewe, joto linatoka na yeye hana mafuta ya kujipasha. Usimpapase, ngozi yao ni nyepesi na kupapaswa kunawachosha, kama wewe ni mzazi weka mkono uliotulia, mmoja kichwani mmoja miguuni, usiusogeze. Alamu ikilia usiguse kitu na usipige kelele, mara nyingi ni waya umelegea mguuni, mwangalie nesi, nesi naye anamwangalia mtoto. Na usichungulie watoto wa wengine wala kuuliza "yule ana nini", mzazi wake yuko nyuma yako.

Ila hapa kuna jambo nataka wazazi walishike. Nyie siyo wageni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto njiti waanze kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, ile kangaruu, mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku, na familia ishirikishwe kwenye kumhudumia. Mtindo wenyewe ulianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 ambako inkubeta hazikutosha, leo hata penye inkubeta za kumwaga wanautumia. Sasa ukiambiwa "muda wa kuona wagonjwa umeisha" na wewe ndo mama au baba, uliza kwa upole, "huo muda ni wa wageni au hata wazazi? Nataka kumbeba kangaruu, nifanyeje?" Mara nyingi kauli hiyo hufungua mlango, maana mlinzi hajui kama wewe ni mzazi au jirani.

Hatua ya 7: Kaka na dada wa mtoto

Wodi nyingi wanaruhusu watoto wa mzazi huyo tu, wengine hawaruhusu chini ya umri fulani. Siyo ubaguzi, watoto wadogo ndo wabebaji wakuu wa virusi vya kifua na hawajui kuziba mdomo. Kama anaruhusiwa mkague kama ulivyojikagua, mnawishe, na aje na mtu mzima wa ziada wa kumtoa nje akichoka. Mwonyeshe amguse mtoto miguuni badala ya usoni. Akikataliwa, pigeni simu ya video, mkubwa wangu alimwona mdogo wake hivyo na alichotaka kujua tu ni kama ana meno.

Hatua ya 8: Hii ya mzazi na mwenza wake

Kabla ya siku yenyewe mchague mlinzi wa mlango, mtu mmoja asiye na aibu, baba wa mtoto au dada yako, simu zote zipitie kwake. Mwandikie orodha ya watu watatu au wanne wa hospitali, waliobaki nyumbani baada ya wiki kadhaa. Muandike na ujumbe mmoja wa kutuma kwa wote, mfano: "Mama na mtoto wazima, hospitali hawaruhusu wageni wengi, tutawaita." Imeisha hiyo.

Mwambie nesi mapema. Sema kabisa, "fulani akija sitaki aingie", au mkubaliane alama, mimi na nesi wangu nikimwomba maji ya moto alijua nimechoka na wageni, anakuja anatangaza muda umeisha. Wamezoea, wala hawatakushangaa.

Na mtoto usimkabidhi kwa mtu yeyote kwa sababu tu kavaa koti jeupe. Muulize jina, anampeleka wapi, kwa nini, angalia kitambulisho, na ikiwezekana wewe au mwenza wako mfuatane naye. Bangili ya mtoto na yako zifanane, zikague kila akirudishwa. Mgeni hana ruhusa ya kutoka naye wodini hata "kumwonyesha babu hapo nje".

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani mambo ya mikono na mafua yanaendelea vilevile, na mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika homa ya 38, msisubiri asubuhi, hospitali.

Yule wifi yangu aliyenuna, alirudi kesho yake peke yake. Alinawa mpaka viwikoni bila kuambiwa, hakuomba mtoto, akauliza nguo chafu ziko wapi. Akazikunja kwenye mfuko na lile shuka langu, akakaa kama dakika kumi tunaongea mambo ya mtaani, akaondoka. Zilirudi zimefuliwa zimepigwa pasi, hata soksi.